Sehemu ya 6: Ligi iliposimama, na viporo vilivyobaki kwenye kadi ya mtoto

Juzi dada mmoja wa hapa hapa Nyakato aliniandikia: "Nesi, mwanangu alizaliwa mwaka wa korona, kadi yake ya kliniki ina mapengo, naogopa hata kuipeleka." Nitakujibu mama, ila kwanza turudi nyuma kidogo kwa njia ya mpira. Usicheke. Kama hufuatilii, baba watoto atakusaidia.

Si unakumbuka Machi 2020? Tarehe 16, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule na kusimamisha mikusanyiko ya michezo kwa siku 30. Ligi Kuu ikasimama hapo hapo. Simba walikuwa kileleni na pointi 71 kwa mechi 28, zimebaki 10. Zile siku 30 zikazaa karibu miezi mitatu.

Huku kwetu vibanda umiza vikawa kimya. Kila duka likaweka ndoo ya maji tiririka na sabuni. Watoto nyumbani, baba nyumbani, sufuria moja.

Mimi wakati huo nilikuwa kliniki ya watoto. Siku za chanjo tulizoea benchi kujaa, wengine wanakaa kwenye kanga chini ya mti. Miezi ile benchi lilikuwa na nafasi. Mama akiona barakoa zetu getini anageuza. Sikumlaumu hata mmoja, maana na mimi nikirudi nyumbani nilikuwa navua viatu nje na mwanangu simgusi mpaka nioge.

Wenzetu wakaamua kila mtu kivyake. Kenya walifunga msimu mwishoni mwa Aprili, Gor Mahia wakatangazwa mabingwa. Uganda nao Mei wakawapa Vipers. Kule Norwe msimu ulikuwa hata haujaanza, ukasogezwa mpaka Juni 16.

Sisi tulisubiri. Mei 21 Rais Magufuli akasema michezo irudi Juni 1, na ligi ikaanza tena Juni 13. Kwanza ulikuwepo mpango wa kuzikusanya timu zote za Ligi Kuu Dar, na za madaraja ya chini zije Mwanza. Baadaye ukaachwa, kila timu ikacheza kwao. Mechi zikabanwa, timu inamaliza moja inafunga mizigo kwenda nyingine. Juni 28 Simba wakatoka 0-0 na Prisons kule Mbeya, wakawa mabingwa mara ya tatu mfululizo.

Mwanza sasa ndipo palipouma. Tulikuwa na timu mbili: Mbao, waliofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2017, na Alliance, vijana wa Mahina, majirani zetu kabisa. Alliance wakashuka moja kwa moja. Mbao wakaenda mchujo na Ihefu: ugenini wakafungwa 2-0, Kirumba wakashinda 4-2. Jumla 4-4, goli la ugenini likawashusha. Nawakumbuka wanaume wakirudi mtaani jioni ile bila neno, mtu ameshinda na analia.

Sasa mama, sikiliza. Ligi iliporudi, hakuna aliyeambiwa aanze msimu upya. Simba waliendelea na pointi zao 71, na wenye viporo wakacheza viporo vyao. Chanjo ni hivyo hivyo. Mtoto aliyepata dozi mbili akakosa ya tatu hatuanzi ya kwanza, tunaendelea pale alipoishia. Aliyekosa ya surua na rubela ya miezi 9, au ile ya miezi 18 ambayo wengi wetu tunaisahau, mlete. Kadi imepotea au imeliwa na panya? Mlete hivyo hivyo. Chanjo ni bure.

Ila sitakudanganya. Zipo ambazo dakika zake zikiisha zimeisha. Ya rota ya kuzuia kuhara, kwa mfano, ni ya watoto wachanga, mkubwa hapewi. Ndiyo maana nasema usikae na kadi kabatini ukisubiri aibu iishe. Mapengo ya miezi ile si uzembe wako, nchi nzima ilisimama. Pengo la leo ndilo tunaloweza kuliziba.

Dada yangu uliyeniandikia, njoo na mtoto siku yoyote ya kliniki asubuhi. Akikukaripia mtu, mwambie umekuja kucheza kiporo.

Sehemu ya 7, Mungu akipenda, ni Jumapili: ile ndoo ya maji tiririka ilienda wapi? Angalia kwanza kama yako bado ina maji.