Leptini

Leptini ni homoni ya protini inayotengenezwa hasa na seli za tishu ya mafuta na kupelekwa na damu hadi haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayosimamia njaa na shibe, ambako huarifu kiasi cha akiba ya nishati kilichopo mwilini. Historia yake ilianza mwaka 1949 katika Maabara ya Jackson, Bar Harbor, Marekani, walipoonekana panya walionenepa kupita kiasi kwa kasoro ya jeni moja. Baadaye Douglas Coleman aliwaunganisha panya kwa upasuaji, ubavu kwa ubavu, ili damu ya mmoja imfikie mwenzake: panya mnene wa aina hiyo alipounganishwa na mzima alipunguza kula, lakini alipounganishwa na mnene wa aina nyingine, mwenye kisukari, aliacha kula akafa kwa njaa. Coleman alihitimisha kwamba wa kwanza alikosa kichocheo cha shibe, ilhali wa pili alikuwa nacho tele ila hakuweza kukipokea. Hitimisho hilo lilipingwa kwa miaka mingi, kwani mafuta yalidhaniwa kuwa ghala tu. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, Chuo Kikuu cha Rockefeller, liliitambua jeni yenyewe. Matumaini ya kupata dawa ya unene hayakutimia, kwa kuwa watu wengi wanene wana leptini nyingi ambayo ubongo wao hauiitikii ipasavyo. Sindano zake huwafaa wachache, wakiwemo waliozaliwa bila homoni hiyo na baadhi ya wenye lipodistrofia, yaani upungufu wa tishu ya mafuta.