Rumba Nayo ni Historia



Shuleni tulikariri vita na mikataba. Muziki hatukuuhesabu kuwa historia. Kitabu cha Gary Stewart, "Rumba on the River", kilichotoka mwaka 2000, kilinigeuza mawazo. Mwandishi huyu Mmarekani aliwahoji wanamuziki wenyewe. Humo tunaisoma OK Jazz tangu ilipoanzishwa Leopoldville mwaka 1956, miaka minne kabla ya uhuru wa Kongo, hadi kiongozi wake, Franco Luambo, alipofariki mwaka 1989.

Nilikisoma Muleba, niliko kazini, nikamkumbuka marehemu baba. Ujanani alicheza dansi Bukoba mjini kwa santuri za OK Jazz, ingawa Kilingala hakukijua. Sikumwuliza kamwe ni ukumbi gani, wala kiingilio kilikuwa shilingi ngapi. Leo nazijua baa za Leopoldville. Ukumbi wa baba yangu siujui.

Vijana, likizo hii waulizeni wazee wenu, mwandike, mlete katika gazeti letu hili. Ya Kongo yamekwisha andikwa. Ya Bukoba ni juu yetu, na wazee hawatungoji.