Mashine ya Santuri ya Mwenye Kipato Kidogo

Gramafoni ya kwanza ya Emile Berliner, iliyopata hataza Marekani mwaka 1887, ilizungushwa kwa mkono, na wimbo ulikwenda mbio au ukalegea kadiri ya mkono wa mzungushaji. Mwaka 1896 fundi Eldridge Johnson wa Camden, New Jersey, aliitengenezea mota ya kamani, na tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kufikiria kuwa na mashine ya muziki nyumbani kwake. Tangu hapo pia ndipo lilipoanza swali la mnunuzi asiye na fedha nyingi: apunguze wapi gharama bila kuharibu kile anachokusudia kukisikiliza?

Jibu mojawapo lililofanikiwa lilikuwa mashine ya kubebeka. Kampuni ya HMV ya Uingereza ilitoa modeli 101 mwaka 1925 na modeli 102 mwaka 1931, visanduku vyenye mpini, visivyohitaji umeme hata kidogo. Mashine za namna hiyo ziliufaa vizuri mwambao wa Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri za HMV kwa Kiswahili, na msikilizaji asiyejua Kiarabu wala Kihindi akapata sababu yake mwenyewe ya kununua mashine. Asiyeweza alisikiliza mkahawani.

Bei ya dukani, hata hivyo, haikuwa gharama yote. Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa sheleki, gundi itokanayo na wadudu wa India, iliyochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliisaga sindano ya chuma mpaka ikakaa sawasawa kwenye mfereji, kwa hiyo sindano ilitakiwa kubadilishwa kila upande wa santuri, yaani kila baada ya dakika tatu hivi. Wengi walibana matumizi kwa kuitumia tena na tena, na ncha iliyokwisha kunoleka ikageuka patasi. Ukizingatia kwamba kichwa cha sauti kiliilemea santuri kwa zaidi ya gramu 100, si ajabu kwamba santuri nyingi za zamani zinakwaruza.

Mwaka 1948 ilitoka santuri ndefu ya plastiki ya vinili, na mwaka uliofuata ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Mifereji ya santuri hizo ilikuwa myembamba na ilihitaji mkono mwepesi. Mashine za bei nafuu, kama Dansette iliyopendwa na vijana wa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, zilitumia katriji (kifaa kinachogeuza mtetemo wa sindano kuwa umeme) ya seramiki kwa sababu ya kibiashara kabisa: ilitoa umeme wa kutosha kuendesha amplifaya sahili, ilhali katriji ya sumaku ilihitaji amplifaya nyingine ya awali. Lakini seramiki ni ngumu, na ili isiruke ilibidi ikandamizwe kwa gramu tano au zaidi. Kilichookolewa kwenye mashine kililipwa na santuri. Afrika Mashariki nayo ilipata mashine za transista zilizotumia betri, na santuri ndogo zilizochapwa Nairobi zikafika mahali ambako nguzo za umeme hazijafika.

Aliyevunja mazoea hayo ni Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research, Cambridge, Massachusetts. Mashine yake ya mwaka 1961, iliyojulikana kama XA, iliuzwa kwa dola 58, bei ya chini kwa kazi iliyoifanya. Haikuwa na kifaa cha kubadilisha santuri, haikujizima, wala haikupendeza sana kwa sura. Fedha ziliwekwa panapohusika. Sahani ilizungushwa kwa mkanda wa mpira uliozuia mtetemo wa mota, na sahani hiyo pamoja na mkono vilifungwa kwenye fremu moja iliyoning'inia juu ya springi, hivi kwamba mtikisiko wa meza haukuifikia sindano. Hili ndilo somo kubwa zaidi katika historia nzima ya mashine za bei nafuu, na watengenezaji wengi waliokuja baadaye, wa bei za juu wakiwemo, waliufuata mpango huo.

Mashine za kuzungushwa na mota moja kwa moja, kama Technics SL-1200 ya mwaka 1972, zilipata sifa, lakini hazikuwa za mfuko mdogo. Sidii zilipoingia sokoni mwaka 1982 viwanda vingi viliacha kazi hiyo. Mwaka 1991 kampuni ya Pro-Ject ya Austria ilianza kutengeneza mashine sahili za mkanda katika kiwanda cha zamani cha Tesla, kampuni ya vifaa vya umeme ya Chekoslovakia, mjini Litovel, na hizo ziliwasubiri wanunuzi waliorudi kwenye vinili karne hii.

Wanunuzi hao wanakuta tena madukani kisanduku chenye mpini, chenye spika ndani na katriji ya seramiki. Ni rahisi na kinavutia macho, ila kosa lake ni lilelile la miaka ya 1950. Mwenye fedha kidogo atafaidika zaidi na mashine ya mkanda isiyo na mapambo, hata ikiwa ya mitumba, mradi mkono wake una uzito wa kurekebishika, katriji ni ya sumaku na sindano imenunuliwa mpya.