Pensheni ya Bure ya Mzee Carnegie

Wadau, hakuna barua inayosomwa kwa uvivu chuoni kama ile ya idara ya utumishi yenye kichwa cha habari "Mabadiliko ya Mafao ya Wafanyakazi". Tangazo la nyongeza ya mshahara husomwa mpaka na mlinzi wa getini. Waraka wa mafao huishia kwenye droo, na mwenyewe huja kuutafuta siku anayokabidhi funguo za ofisi. Leo naomba tuuangalie waraka huo kwa jicho la historia, na historia yenyewe iko Marekani, ambako pensheni za wahadhiri zilianza kwa namna ya ajabu kidogo.

Tarehe 17 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Cunningham dhidi ya Chuo Kikuu cha Cornell. Wafanyakazi wa chuo hicho, wengine wakiwa bado kazini na wengine wakiwa wameshaondoka, walifungua kesi mwaka 2016. Madai yao yalikuwa kwamba akiba yao ya uzeeni ilikuwa inakatwa ada kubwa mno na kampuni mbili zilizotunza kumbukumbu za akaunti zao, TIAA na Fidelity, na kwamba chuo kiliruhusu. Mahakama za chini zilitupa mapema sehemu ya madai hayo. Majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakasema hapana. Hawakusema Cornell ina hatia. Walichosema ni kwamba mlalamikaji halazimiki kujibu utetezi wa mwajiri kabla hata mwajiri hajautoa.

Uzito wa hukumu hiyo huwezi kuuona mpaka urudi nyuma miaka 120 na siku moja.

Tarehe 16 Aprili 1905 tajiri wa chuma, Andrew Carnegie, aliandika barua ya kutoa dola milioni 10 kwa ajili ya pensheni za maprofesa. Mzee huyu alikuwa mjumbe wa baraza la wadhamini la chuo gani? Cornell hiyo hiyo. Aliingia kwenye baraza hilo mwaka 1890, na yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi alivyoshtuka kuona mishahara ya maprofesa iko chini ya ile ya baadhi ya makarani wake. Profesa wa wakati ule alifundisha mpaka sauti inakauka, kwa sababu akiacha kazi hana cha kula. Chuo nacho kilimwonea haya kumfukuza, kwa hiyo vijana wakawa wanafundishwa na wazee waliochoka.

(Tusisahau kwamba huyu ndiye tajiri ambaye kwenye kiwanda chake cha Homestead, Pennsylvania, mwaka 1892, mgomo wa wafanyakazi uliishia kwa risasi na maiti. Binadamu ana sura nyingi.)

Fedha za Carnegie zilikuwa kwenye hati fungani za kampuni ya United States Steel zenye riba ya asilimia 5, maana yake zilizaa dola 500,000 kila mwaka. Mfuko ukawekwa chini ya Henry Pritchett, aliyekuwa mkuu wa chuo cha MIT. Masharti yalikuwa matamu: profesa hachangii hata senti moja. Akifikisha miaka 65, na awe amefundisha miaka 15, analipwa mpaka afe, na mjane wake naye anapata nusu. Kulikuwa na mlango wa pili: aliyefundisha miaka 25 angeweza kustaafu bila kujali umri.

Lakini wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Cha bure kilikuja na masharti yake, na masharti hayo hayakuandikwa na maprofesa.

La kwanza, chuo kinachomilikiwa au kuongozwa na dhehebu la dini hakikuruhusiwa kuingia. Sasa fikiria, vyuo vingi vya Marekani vilianzishwa na makanisa! Vingine vilikataa na kubaki na imani zao. Vingine, kama Bowdoin, Drake na Wesleyan, vilirekebisha taratibu zao ili viyakate mafungamano hayo. La pili, chuo kilitakiwa kupokea wanafunzi waliosoma sekondari kwa kiwango maalumu kilichopimwa kwa saa: saa 120 za somo moja kwa mwaka. Kipimo hicho kinaitwa "yuniti ya Carnegie" na shule za Marekani zimeendelea kukitumia. Kwa hiyo mfuko wa wazee uliamua mpaka ratiba ya mtoto wa sekondari. Bunge halikupiga kura, na wananchi hawakuulizwa.

Kisha hesabu zikaanza kugoma. Mwaka 1908 vyuo vikuu vya serikali za majimbo navyo vikakubaliwa, na Carnegie akaahidi dola milioni 5 zaidi. Hazikutosha. Maprofesa waliongezeka, waliishi muda mrefu, na wengi waliukimbilia ule mlango wa miaka 25. Mwaka 1909 wadhamini wa mfuko wakaufunga, wakabakiza hasa wagonjwa. Ilikuwa ahadi, ikabadilishwa kwa waraka.

Aliyeumbuka kuliko wote ni Woodrow Wilson. Mwaka 1910 aliacha urais wa Chuo Kikuu cha Princeton ili agombee ugavana wa New Jersey. Alikuwa amefundisha miaka 25, hana utajiri, akaomba pensheni. Wakamnyima. Desemba 1911, wakati anajipanga kugombea urais wa nchi, habari zikavuja magazetini: mgombea wa wanyonge anaomba hela ya Carnegie! Wilson akajitetea, na hatimaye akaingia Ikulu mwaka 1913. Ila nawaomba mlitazame jambo moja. Mtu huyu, pamoja na elimu yake na jina lake, hakuwa na mahakama ya kwenda. Angeshitaki nini? Fadhila haishitakiwi. Aliyekupa anaweza kuacha kukupa, mkaachana kwa salamu.

Ilipofika Novemba 1915 mfuko uliweka mstari: watakaoanza kufundisha baada ya hapo wasitegemee pensheni ya bure. Maprofesa, ambao Januari mwaka huo huo walikuwa wameanzisha chama chao cha kitaifa kwa kifupi AAUP, walikuja juu. Walihoji ahadi iliyovunjwa, wakahoji pia ni kwa nini mpango wa maisha yao unapangwa na watu wasiowachagua. Baada ya mabishano marefu, mwaka 1918 ikazaliwa TIAA, kampuni ya bima na pensheni kwa ajili ya walimu wa vyuo. Shirika la Carnegie la New York lilitoa mtaji wa dola milioni 1. Safari hii profesa alichangia kwa kawaida asilimia 5 ya mshahara wake, na chuo kikaweka asilimia 5. Mkataba ulikuwa mali yake mwenyewe. Akihama chuo anahama nao.

Wengi waliliona hilo kuwa hasara, na mfukoni lilikuwa hasara kweli: jana bure, leo unakatwa. Lakini asilimia 5 hiyo ilinunua kitu ambacho milioni 10 za Carnegie hazikuwahi kumpa Wilson. Ilinunua haki ya kuuliza.

Na watu waliuliza. Mwaka 1974 profesa mmoja wa kike wa Long Island University alikwenda mahakamani kuhoji kikokotoo. Alichanga sawa na wanaume, lakini kwa kuwa wanawake kwa wastani huishi miaka mingi zaidi, kila mwezi wa ustaafu angelipwa kidogo kuliko wao. Kesi ilichukua miaka kumi. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikamaliza ubishi: kikokotoo kisitazame jinsia.

Mwaka huo huo wa 1974 Rais Gerald Ford alisaini sheria iitwayo kwa kifupi ERISA. Sheria hiyo humtaka anayesimamia akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa sekta binafsi aisimamie kwa uaminifu na umakini, kwa faida ya wachangiaji tu. Vyuo vya serikali havimo, lakini vyuo binafsi kama Cornell na Northwestern vimo. Mwaka 2022, katika kesi dhidi ya Northwestern, Mahakama ya Juu ilisema chuo hakiwezi kujificha nyuma ya wingi wa chaguzi; kuwepo kwa mifuko mizuri kwenye orodha hakufuti kosa la kuacha mibaya humo humo. Miaka mitatu baadaye ikaja ile ya Cornell.

Kwetu jina la Carnegie si geni. Shirika lile lile lililotoa mtaji wa TIAA liliungana mwaka 2000 na Ford, Rockefeller na MacArthur kusaidia vyuo vikuu vya Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere vikiwemo. Ushirikiano huo uliisha mwaka 2010. Wafadhili huja na huondoka, na sioni ubaya wa kupokea. Ubaya ni kujenga uzee wa mtu juu ya mkono wa mtu mwingine.

Kwa hiyo mdau, waraka wa mafao ukifika mezani kwako usiupeleke droo kwanza. Tafuta humo nani anachangia na kiasi gani, nani anakata ada njiani, na kama umedhulumiwa unamshitaki nani na wapi. Kama hilo la mwisho halina jibu, basi ulichonacho ni fadhila tu, hata kama wameiandika kwenye karatasi yenye nembo ya chuo.

Alamsiki.