Ahadi na Sheria katika Historia ya TraceTogether ya Singapore, 2020–2023

Ugonjwa wa kuambukiza uingiapo mjini, kazi ya kwanza ya maofisa wa afya ni kuwatafuta watu waliotangamana na mgonjwa. Kazi hiyo ni ya zamani, na kwa muda mrefu ilitegemea hasa kumbukumbu ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2003, SARS ilipoingia Singapore na kuwapata watu 238, ambao 33 kati yao walikufa, wagonjwa walihojiwa mmoja mmoja: walikuwa wapi, waliketi na nani. Lakini abiria hajui jina la jirani yake katika basi. Upungufu huo ndio uliotafutiwa dawa UVIKO-19 ilipozuka.

Tarehe 20 Machi 2020 serikali ya Singapore ilitoa programu ya simu iitwayo TraceTogether, jina la Kiingereza liunganishalo maana ya kufuata nyayo na maana ya kushirikiana. Simu mbili zikikaribiana zilipeana, kwa mawimbi ya Bluetooth, namba za siri zenye kubadilika-badilika. Namba hizo zilionyesha ukaribu wa watu, si mahali walipokuwa. Zilikaa ndani ya simu, na mwenyewe akiugua ndipo alipotakiwa kuzikabidhi kwa Wizara ya Afya.

Watu waliipokea kwa namna mbalimbali. Mwanzoni wenye simu za iPhone walilazimika kuiacha programu wazi wakati wote, na betri ikaisha upesi. Wazee wengi hawakuwa na simu za kufaa. Kwa ajili yao serikali ilianza, mwishoni mwa Juni 2020, kugawa kidude kidogo cha kubeba. Habari za kidude hicho zilizua hofu, na makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kukipinga. Mwezi huo huo waziri Vivian Balakrishnan aliuhakikishia umma kwamba habari zitakazokusanywa ni za kufuatilia maambukizi tu.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 asilimia 78 hivi ya wakazi walikuwa na programu au kidude. Si wote waliosukumwa na imani. Serikali ilikwisha kutangaza kwamba vitu hivyo vitatakiwa milangoni mwa maduka na mahali pa kazi.

Hata tarehe 4 Januari 2021, Desmond Tan, Waziri wa Nchi, akijibu swali Bungeni, alieleza kwamba sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inawapa polisi mamlaka ya kuzidai habari hizo. Kesho yake Balakrishnan alikiri kwamba alipotoa ahadi yake hakuifikiria sheria hiyo. Habari hizo zilikuwa zimekwisha kutumika katika upelelezi wa kesi moja ya mauaji.

Yafaa kutambua kwamba siku ile simu hazikubadilika hata kidogo. Ziliendelea kupeana namba kama jana. Kilichobadilika ni maana ya kuibeba simu. Mwananchi alikuwa amelisikia neno "tu" kama mpaka, kumbe sheria iliyotangulia haikuwa na mpaka huo. Ndiyo sababu manung'uniko hayakuhusu mitambo, bali yalihusu kauli.

Tarehe 2 Februari 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaruhusu polisi kuzitumia habari hizo katika makosa mazito ya aina saba tu, kama vile mauaji, ugaidi na ubakaji. Mtumishi atakayezitumia vibaya aliwekewa adhabu ya faini isiyozidi dola 20,000 za Singapore, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Neno "tu" likarudi, safari hii likiwa na nguvu ya sheria, ingawa mpaka wake haukuwa ule wa kwanza. Mpango mzima ulikomeshwa Februari 2023, na habari zikafutwa, isipokuwa zile za kesi ile ya mauaji.

Kiswahili nacho hutumia kitenzi kimoja, kufuatilia, kwa kazi ya mganga na kwa kazi ya askari. Tangazo lisemalo kwamba watu "watafuatiliwa" halijakamilika. Yampasa mwandishi wake aeleze ni nani atakayefuatilia, kwa ajili gani, na mpaka lini. Na ahadi hiyo iwe imekwisha kupimwa na sheria zilizopo kabla haijamfikia msomaji.