Kupandishwa Daraja la Chumba: Istilahi ya Hoteli na Matumizi Yake Mkoani Mara

Kupandishwa daraja la chumba ni tendo la hoteli kumpa mgeni chumba kilicho juu ya kile alichokiwekea nafasi, juu kwa ukubwa, kwa vifaa, kwa mandhari au kwa bei, ilhali mgeni huyo anaendelea kulipa bei ya chumba alichokiomba mwanzoni. Kwenye mapokezi ya hoteli za mijini tendo hilo huitwa apgredi, na mgeni huambiwa "tumekuapgredi", neno ambalo wengi walilizoea kwanza kwenye simu na kompyuta kabla halijahamia kwenye vitanda na mashuka. Kiswahili kina uwezo wa kulieleza jambo hili kwa usahihi kuliko mkopo huo, mradi mtumiaji achague kitenzi kinachofaa na aseme wazi ni nani anayepandishwa.

Istilahi hii haina kazi mahali ambapo vyumba havijapangwa kwa madaraja. Katika mji wa Bunda, ulioko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kuelekea Musoma na mpaka wa Sirari, neno hoteli huweza kuandikwa juu ya mlango wa mgahawa unaouza ugali na sato bila kuwa na kitanda hata kimoja, na mahali pa kulala hujulikana kama gesti au loji. Gesti ya kawaida ina madaraja mawili tu: chumba cha kawaida, ambacho choo na bafu lake ni la nje na la wote, na chumba selfu, yaani chenye choo na bafu ndani yake. Penye uwezo zaidi huongezeka kiyoyozi badala ya feni, na katika Musoma, mji uliozungukwa na Ziwa Viktoria kwa pande kadhaa, huongezeka pia tofauti kati ya dirisha linalotazama ziwa na lile linalotazama maegesho. Kitabu cha wageni huuliza jina, kabila, atokako mtu na aendako, lakini hakina safu ya daraja la chumba. Mgeni aliyelipia chumba cha kawaida akapewa selfu kwa sababu kitasa cha kwanza kimekwama, amepandishwa daraja kwa maana kamili ya istilahi hii, ingawa hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa jina.

Sababu ya hoteli kufanya hivyo mara nyingi si ukarimu. Usiku mmoja wa chumba hauwezi kuwekwa akiba ukauzwa kesho, na kwa kuwa daima wapo wanaoweka nafasi wasitokee, hoteli kubwa hukubali maombi mengi kuliko vyumba ilivyo navyo. Vyumba vya bei ya chini ndivyo hujaa kwanza. Hoteli ya Musoma iliyopokea kundi la wageni wanaokwenda Butiama kuzuru kaburi na makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1922 na kuzikwa hapo mwaka 1999, ikikuta vyumba vya kawaida vimekwisha huku vile vya juu viko wazi, haina njia ya busara zaidi ya kuwasogeza baadhi yao juu, kwa sababu kuwarudisha wageni barabarani kunagharimu zaidi kuliko kuwapa kitanda kikubwa. Njia nyingine ni ya uanachama: wanachama wa viwango vya juu wa programu ya World of Hyatt, inayotumika pia katika hoteli ya Kilimanjaro jijini Dar es Salaam, hupandishwa daraja kwa haki yao, ila kwa sharti kwamba vyumba hivyo viwepo.

Tafsiri zinazoshindana na istilahi hii zina kasoro zinazoonekana upesi. Kuboresha chumba ni kukipaka rangi na kukibadilishia godoro, kwa hiyo mgeni anayeambiwa chumba chake kimeboreshwa atatarajia chumba kilekile kikiwa kipya. Kubadilishiwa chumba hakusemi kama mgeni amepanda au ameshuka, na masikioni mwa wengi huashiria kwamba bomba lilikuwa bovu. Kupandisha chumba ndiko kubaya kuliko kote, kwani kwa Mswahili kinachopandishwa katika biashara ni bei. Anayepanda hapa ni mgeni, na chumba hukaa palepale kilipo.

Hapo ndipo umbo la kitenzi linapobeba mzigo. Wakazi wa Musoma wanajua kwamba timu ya Biashara United Mara ilipanda daraja kuingia Ligi Kuu mwaka 2018 na ikashuka mwaka 2022. Timu hupanda yenyewe kwa alama zake, na hakuna anayesema imepandishwa isipokuwa anataka kuwalaumu waamuzi. Mwalimu wa shule ya Bunda au Butiama, kinyume chake, hupandishwa daraja na mwajiri wake, na kupandishwa huko huambatana na mshahara na hakufutiki asubuhi. Mgeni wa hoteli anafanana na mwalimu kwa kuwa hupandishwa na mwingine, lakini anatofautiana naye kwa kuwa cheo chake huisha anaporudisha ufunguo. Ndiyo maana nyongeza ya maneno "la chumba" ni ya lazima. Inaitenga istilahi hii na utumishi, na inaitenga pia na daraja la hoteli yenyewe, ambalo katika vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huhesabiwa kwa nyota, kuanzia moja hadi tano: hoteli ya nyota mbili inaweza kumpandisha mgeni daraja la chumba bila yeye kutoka kwenye nyota mbili.

Jambo moja halipaswi kuingizwa chini ya jina hili. Mhudumu anapompa mgeni chumba chenye sebule kwa nyongeza ya fedha, hata ikiwa nyongeza hiyo ni ndogo, huko ni kuuziwa daraja la juu, na kitenzi cha kutendwa kinachodokeza fadhila hakistahili kutumika. Wenye hoteli na gesti za Mara wanaoandika orodha zao za bei wanashauriwa kutaja madaraja ya vyumba kwa majina na bei zake, na kuandika kwenye risiti ama "amepandishwa daraja la chumba, bila malipo" ama "amelipia daraja la juu". Na mgeni anayepewa habari njema mapokezi aulize ni ipi kati ya hizo mbili kabla hajapokea ufunguo.