Ken Walibora na Sisi Walimu wa Bara

Hadi 1985, Kiswahili katika shule nyingi za Bungoma na Trans Nzoia kilikuwa somo la hiari. Mwalimu mkuu alimkabidhi yeyote aliyekuwa na vipindi vichache, awe wa jiografia au wa kilimo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia, Kiswahili kikawa cha lazima na cha kutahiniwa, nasi tuliokifundisha huku bara tukaanza kutafutwa. Shule niliyoanzia kazi, upande wa Bungoma, ilikuwa na nakala moja tu ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Ilifungiwa kabatini kwa naibu wa mwalimu mkuu, na hukuiazima bila kutia sahihi. Ngeli tulizifundisha kwa kukaririsha. Fasihi tuliisoma kama habari za nchi ya mbali: minazi, mashua, baraza na taarabu. Wanafunzi wangu walijua mahindi, maziwa na matope.

Si kwamba Kiswahili hakikusemwa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya walowezi yakawakusanya Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengine. Bwana aliamrisha kwa Kisetla, Kiswahili cha walowezi, vibarua wakaelewana kwa Kiswahili walichojitengenezea. Baada ya uhuru mashamba hayo yalipogawanywa, familia nyingi zilihama kutoka Bungoma kuja Trans Nzoia kutafuta ardhi, nazo zikakikuta Kiswahili hicho sokoni na kwenye foleni ya kinu. Kilitosha kuuza gunia la mahindi. Kuandikia kitabu hakuna aliyekidhania.

Kennedy Waliaula alizaliwa Baraki, Bungoma, katikati ya miaka ya 60, akakulia Cherang'any. Shule alizosomea ni pamoja na Suwerwa, huku Cherang'any, na Teremi, kule Bungoma. Utoto huo ameusimulia mwenyewe katika tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama. Mwaka 1996 riwaya yake Siku Njema ilitoka kwa jina la Ken Walibora. Mhusika wake, Kongowea Mswahili, anaondoka Tanga na kuingia Kenya akimsaka babake. Kiswahili cha riwaya hiyo kilikuwa cha pwani kwa ufasaha, na bara nayo imo ndani. Niliposema darasani kwamba mwandishi ni wa hapa kwetu Cherang'any, kijana mmoja wa nyuma alicheka: "Mwalimu, unatudanganya." Nikamwonyesha maelezo ya jalada. Muhula ule insha za darasa zima zilijaa methali, nyingine zimechomekwa pasipofaa kabisa, lakini sikuzikata kwa wino mwekundu. Mtoto anayejaribu methali amekwisha kuamini kwamba lugha ni yake.

Sikuwahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara alimofundisha Walibora. Njia yake ya kufika huko ilikuwa ndefu: alikuwa afisa wa probesheni, akawa mtangazaji wa KBC kisha wa Nation TV, ndipo akaenda Marekani. Chuo Kikuu cha Ohio State kilimpa shahada ya uzamifu mwaka 2009, kwa utafiti juu ya masimulizi ya wafungwa wa kisiasa wa Kenya. Mtu aliyewahi kufanya kazi na wahalifu waliohukumiwa alirudi kuisoma jela kupitia maandishi ya waliofungwa kwa sababu ya fikra zao. Akafundisha Wisconsin-Madison, kisha akarejea nyumbani, Chuo Kikuu cha Riara, Nairobi. Wenzake wengi waliofika Marekani hawakurudi.

Ukitaka kujua alivyouona ualimu, msome Mwalimu Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea. Riwaya hiyo ilitahiniwa KCSE kuanzia 2013 hadi 2017, na katika darasa langu hakuna mhusika aliyezua ubishi kumshinda huyo. Majisifu ni mlevi na mvivu, ila ana sifa ya uandishi. Kijana Amani aliandika mswada; Majisifu akauiba na kuuchapisha kwa jina lake. Wanafunzi walitaka kujua kwa nini mwizi huyo awe mwalimu na si mwanasiasa, maana kitabu kinaye Mtemi Nasaba Bora, mnyang'anyi wa waziwazi. Niliwajibu kwamba Mtemi anaiba ardhi, nayo mahakama inaweza kuirudisha. Mwalimu anayemwibia kijana kazi yake anamwibia pia ujasiri wa kuandika tena, na hakuna hakimu wa kuamuru urudishwe.

Mwandishi wa riwaya hiyo alikuwa mhadhiri. Walimu wa vyuo wanajua jinsi utafiti wa mwanafunzi unavyoweza kutokea jaridani ukiwa na jina la profesa mbele. Walibora alishika njia nyingine. Mwaka 2007 yeye na Said A. Mohamed walihariri Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, mkusanyiko ambamo kila mwandishi alisimama na jina lake chini ya hadithi yake. Yeye naye aliweka yake moja, ya Fikirini, kijana wa Kiafrika anayekiona cha moto Marekani. Kitabu hicho nacho kilitahiniwa miaka ileile ya Kidagaa, kwa hiyo mtahiniwa wa Kimilili au Kiminini aliingia chumba cha mtihani akiwa na Walibora mara mbili.

Walibora aligongwa na gari Nairobi, kwenye barabara ya Landhies, tarehe 10 Aprili 2020, akazikwa Cherang'any siku 12 baadaye. Masharti ya korona yalituzuia wengi kufika.

Leo Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, kinafundisha Kiswahili hapo Bungoma, na msichana wa Chwele hahitaji tena kwenda Nairobi kuisomea lugha hii. Wapo wanaopendekeza tumkumbuke Walibora kwa sanamu au barabara. Mimi nawaambia walimu wenzangu jambo la gharama ndogo zaidi: mwanafunzi akikuletea daftari lenye hadithi, lisome wiki hiyohiyo, andika ulichokiona pembeni kwa penseli, kisha umrudishie. Likichapishwa, jina liwe lake.